Theluthi Iliyobaki

Nilichagua kikubwa.

Naanza hapo kwa sababu najijua. Nikianza mbali nitapamba, nitawaletea shida za utotoni na maradhi ya marehemu baba, na mwisho mtaondoka hapa mnanionea huruma. Huruma yenu siitaki, kaeni nayo. Daktari aliuliza kipande gani kikatwe, dada yangu akasema muulizeni kaka, na mimi, Vuai, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, nikafungua mdomo nikasema kikubwa. Mengine yote nitakayosema yamo ndani ya neno hilo. Mkiniona nalizunguka, nivuteni shati.

Jengo lenyewe silijui jina. Sisi tuliolazwa mle tuliliita Nyumba ya Visu. Kila chumba kilikuwa na saa yake ukutani, na hakuna saa mbili zilizokubaliana. Siku moja nilimuuliza muuguzi, "Saa ngapi sasa, dada?" Akanijibu, "Saa ya nani?" Nikadhani ananifanyia mzaha. Baadaye nikaelewa kwamba mle ndani kila mwili ulikuwa na wakati wake: kuna waliokuwa wakienda mbele, kuna waliokuwa wakirudi nyuma, na kuna waliokwama kwenye dakika moja, wakaizunguka asubuhi mpaka jioni. Mimi ni wa kundi hilo la mwisho. Dakika yangu ni ile ya swali na jibu.

Ini langu lilikuwa limekwisha, na nililimaliza mwenyewe. Miaka kumi na minane ya chupa, nikinywa kwa siri ambayo mtaa mzima uliijua. Mtu wangu wa pekee aliyebaki alikuwa Mize, mdogo wangu, mshonaji wa sare za shule, mwanamke asiyeweza kuona uzi unaning'inia kwenye nguo ya mtu bila kuukata kwa meno. Akapimwa, akafaa. Daktari mpasuaji, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya taratibu, akatuketisha sote wawili akatueleza. Ini la binadamu lina pande mbili, alisema, wa kushoto mdogo na wa kulia mkubwa. Ukikatwa wa kushoto, Mize atabaki na ini la kutosha, ila mimi huenda usinitoshe. Ukikatwa wa kulia, mimi nitapata cha haja, na Mize atabaki na theluthi moja tu. "Lakini ini si kama figo," akasema. "Theluthi ile hukua mpaka ikafikia ukubwa wa mwanzo. Aghalabu hukua."

Aghalabu. Nililisikia neno hilo, msije mkanitetea kwa uziwi. Lilikaa pale mezani katikati yetu, nikalitazama, nikaliruka.

"Unasemaje, Mize?" mpasuaji aliuliza.

"Muulizeni kaka," Mize akajibu, akiangalia vidole vyake. "Yeye ndiye mkubwa."

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu mtu ambaye hakulelewa kwenye sinia letu ataona ni jambo dogo. Kwetu akichinjwa kuku, ini lake, naam, hilohilo ini, liliwekwa juu ya wali katikati. Mize alifundishwa kulisogeza upande wangu kwa vidole vitatu na kusema, "Kaka, anza wewe." Nami nilifundishwa nusu ya pili ya adabu hiyo, yaani kulirudisha. "Kula wewe, mdogo wangu." Hapo mama hulikata kati na kila mtu akapata chake. Mdogo anatoa, mkubwa anarudisha, na haliliwi mpaka limekwenda na kurudi. Mama akiwa amekaa nasi, nililirudisha. Mama akiinuka kufuata maji ya kunawa, akirudi anakuta nimeshameza. Mize hakunisemea hata siku moja.

"Kikubwa," nilimwambia daktari. Sikurudisha.

Siku ya tano baada ya kisu mimi niliamka na njaa. Mashavu yalikuwa na damu, wauguzi wananisifu, wananiita bwana harusi. Mize alikuwa chumba cha pili; aliamka mara moja baada ya kisu, akazama tena, na sasa siku ya tatu hajaamka. Tumbo lilikuwa limejaa maji, ngozi imekuwa ya manjano, na weupe wa macho, nilipomfunua kope kwa kidole, ulikuwa rangi ya binzari. Nikamkamata mpasuaji mlangoni. "Mpe dawa likue," nilimwambia. Akanijibu: "Dawa ya kulikuza hatuna, Bwana Vuai. Linajikuza lenyewe. Theluthi ile ikiwahi, dada yako ataamka. Isipowahi, hataamka." Akaenda zake kunawa mikono.

Alasiri ile nikasukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka kitandani kwake. Nikaweka kiganja juu ya bendeji, upande wa kulia, pale palipokuwa na kile ambacho sasa kilikuwa kwangu. Palikuwa pamebonyea kidogo, au niliona hivyo kwa sababu nilitaka kuona hivyo. Kiganja kikapata joto. Kisha kiganja kikapita, mkono ukapita, bega likapita, na mimi mzima nikajikuta nimesimama kwenye barabara yenye maji ya magotini.

*

"Hodi," nilisema, maana sikujua la kusema.

"Karibu, ila pandisha suruali."

Aliyenijibu alikuwa bi kizee aliyeshika fagio la makuti, anafagia maji yasiyofagilika. Alikuwa na sura ya Mize. Si sura ya kufanana. Alikuwa Mize mwenyewe wa miaka themanini, mashavu yameingia ndani, kidevu kimejitokeza, na Mize wangu ana arobaini na tano. Nikamwona alivyo mbele ya safari, kama safari itafika huko, nikaona haya kumtazama, kana kwamba nimemchungulia mtu anayeoga.

Mji wenyewe ulikuwa nyumba za pande sita zilizobanana, ukuta kwa ukuta, na katikati vichochoro vyembamba vya kupitisha maji. Na kila aliyetoka mlangoni alikuwa Mize. Mize wa miaka kumi na miwili mwenye kovu la tetekuwanga, Mize bi harusi mwenye hina, Mize mjane. Maji yalikuja kwa kishindo, mekundu, mazito, yakipanda kuta.

"Mto huu ulikuwa wa mji mzima," bi mfagiaji alisema bila kuacha kufagia. "Ulikuwa unagawanyika huku na huku, unapita kwa adabu zake. Siku ya kisu, theluthi mbili za mji zikaondoka na mitaa yake na watu wake. Mto haukupungua hata tone. Wote umehamia kwetu. Wewe umetoka wapi?"

"Nje," nilisema.

"Nje kukubwa."

"Ni mgeni tu, bibi. Napita."

Akanitazama puani, si machoni. Kisha akacheka kidogo akaendelea na kazi yake. Nilijua nimesema uongo katika sentensi ya kwanza, mahali ambapo hata hawajaniuliza kosa langu. Huo ndio ugonjwa wangu halisi. Ini lilikuwa la pili.

Akanieleza kazi yake. Mto ule hutoka matumboni, huja na chakula na huja na taka, naye na wenziwe hukaa vichochoroni kuzikamata taka zisipite. Siku ya kisu taka za mji mzima zikamjia yeye mmoja. "Nikapiga kelele," akasema. "Nilipiga kelele mpaka koo likachanika. Maana watu wa hapa, mgeni, hawaongezeki hovyo. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima anafua, anapika, anapanga sukari kwenye rafu, asiongezeke hata mmoja. Wamelala huku wanafanya kazi. Kelele zangu ziliwaamsha."

"Ndipo wakaanza kuongezeka?"

"Aa, wapi. Kelele humfanya mtu akae tayari tu. Kinachomwongeza ni barua."

Akanionyesha kwa fagio. Ukutani walikuwapo Mize watatu wenye visu butu wanakwangua plasta, na plasta ilipodondoka zilitoka karatasi zilizokunjwa ndogo, zikaanguka majini, zikachukuliwa mlango hadi mlango. Kila nyumba ilikuwa na tundu la kuipokea. Waliojenga mji walijua siku ya kisu itakuja, bi kizee alisema, wakazificha barua ndani ya kuta tangu mwanzo. Ukuta ukiwa mzima hazisomeki. Ni mpaka ukwanguliwe.

Nilisimama majini nikaliwaza hilo kwa muda mrefu, au mfupi, sijui, maana mle hapakuwa na saa hata moja. Je, mtu anaandikiwa wokovu wake tangu kuzaliwa, na haupati mpaka avunjwe? Na mbona mimi nilivunjika miaka kumi na minane mfululizo, kila siku tofali moja, na sikuona barua hata moja ikidondoka? Nilikaribia kuliuliza hilo kwa sauti. Bi kizee akanijibu kabla.

"Kuna miji mingine, nasikia," alisema, "wenyewe wanabomoa kidogo na kuziba kwa saruji, wanabomoa kidogo na kuziba kwa saruji, mpaka ukuta wote unakuwa saruji. Barua zinafia humohumo ndani."

Nikainamisha kichwa nikajidai naangalia maji.

*

Nikaingia nyumba moja kukwepa mkondo. Ndani alikuwamo Mize wa miaka kumi na tisa, gauni la buluu, sindano imechomekwa kwenye kola kama alivyozoea. Mkono wa kulia alikuwa anafua. Maji yaliingia machafu yakatoka safi. Mkono wa kushoto alikuwa ananakili kitabu kinene, herufi moja moja, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo.

"Karibu, kaka. Samahani sisimami."

Ameniita kaka. Nikakaa kwenye kona.

"Huwezi kuacha kufua kwanza, umalize kuandika?"

"Nikiacha kufua, mwenye mji atalewa kwa uchafu wake mwenyewe na hataamka. Nikiacha kuandika, sitaongezeka, na mimi peke yangu sitoshi." Akachovya kalamu. "Na nisikosee hata herufi. Nikikosea, atakayetoka atakuwa mwingine, na mtu wa namna hiyo akianza kuongezeka huwa hajui kuacha."

Nilimjua mtu wa namna hiyo. Nimekuwa nikinyoa uso wake kila asubuhi.

Alipofika ukurasa wa mwisho akafunga vitabu viwili, cha zamani na kipya, akavisukuma kila kimoja upande wake. Kisha akashika kiuno kwa mikono miwili, akakunja uso, akatoa mguno mmoja kama mtu anayeinua gunia, na kiuno kikaingia, kikaingia, kikawa chembamba kama shingo ya chupa. Wakasimama Mize wawili. Kila mmoja na sindano kolani. Hawakukumbatiana wala kushangaa. Mmoja akashika nguo, mwingine akashika nguo, wakaendelea kufua.

"Subirini," nilisema. "Nani kati yenu ni yule wa mwanzo?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Hilo swali la mtu asiye na kazi," mmoja akasema.

"Lakini lazima mmoja ni mwenyewe, na mwingine ni—"

"Kaka," yule mwingine akanikatiza kwa upole, "alikuwapo mmoja, ametoa vyote alivyokuwa navyo, nusu huku, nusu huku. Hakubaki wa kujiita mwenyewe. Tupishe hapo, maji yanakuja."

Hakubaki. Kwa hiyo kutoa ndiko huko? Maisha yangu yote nimedhani anayetoa hubaki pale pale, amesimama, amepungua kidogo, anasubiri shukrani. Na anayepokea, je? Mimi ninayesema "mimi" hapa, ni nani anayesema? Tumboni mwangu kuna watu wengi wa mji huu kuliko waliobaki mjini. Wanafua damu yangu kwa mikono ya Mize. Ninapojisikia mzima, uzima huo ni wa nani? Nimekula dada yangu. Semeni tu, msione tabu. Mama ameenda kufuata maji ya kunawa, na mimi nimeshameza.

Mkondo ukaingia. Ukuta wa nyumba ya jirani ukapasuka, na Mize mmoja aliyekuwa humo akachukuliwa akiwa bado anaandika. Nilimwona akipita mlangoni, kitabu amekiinua juu kisilowe. Nikamshika kidole. Kikaniponyoka. Wale wawili waliona, wakainama, wakafua kwa kasi zaidi, machozi yakiingia humohumo kwenye nguo.

Nikatoka mbio barabarani. "Nigawanyeni mimi!" nilipiga kelele. "Mimi hapa, nina nguvu, nimekula, nimelala! Nigawanyeni mimi!"

"Punguza sauti," bi mfagiaji akasema. "Kitabu chako si chetu. Tukikugawanya tutapata Vuai wawili, na tutawapeleka wapi?"

Sikuwa nimemtajia jina langu. Ningepaswa kulishika hilo, lakini nilikuwa nimeshakata shauri kwenda mahali pengine. Nikamuuliza ulipo mpaka, pale palipokatwa. Nilitaka kuona panavyojengwa upya. Nitawaambia ukweli: nilikuwa na tumaini chafu. Niliwaza, kama upande wa kulia utaota tena, nyumba kwa nyumba, kama ulivyokuwa, basi nitakuwa sikuchukua kitu. Kitu kilichorudi hakikuibwa. Nitaamka, nitanawa, nitaendelea.

Mpaka ulikuwa ukuta mweupe wenye mshono mrefu. Nikauzunguka mpaka nikapata ufa, nikachungulia upande wa pili. Hapakuwa na fundi. Hapakuwa na tofali. Palikuwa uwanja mtupu, na upepo.

"Mafundi wako wapi?" nilimfokea bi kizee aliyenifuata na fagio lake.

"Mafundi wa nini?"

"Wa kuujenga huo upande!"

"Oo." Akaacha kufagia, kwa mara ya kwanza. "Huo haujengwi, mwanangu. Hakuna aliyekwambia? Kilichokatwa kimekwenda. Hakioti. Tunachofanya ni kuongezeka sisi tuliobaki, hapahapa tulipo, mpaka tutoshe kazi ya mji mzima. Tukifaulu mji utakuwa na uzito wa zamani. Umbo la zamani hautakuwa nalo. Atakayeufungua hata baada ya miaka thelathini ataona pengo."

Nikaketi kwenye matope. Nililia, na haikuwa kwa ajili ya Mize. Nililia kwa sababu hapakuwa na njia ya kulifuta lile neno langu.

*

Walinikuta hapo. Walikuja wengi, mikono imekunjika kwa maji, na mbele yao wale wawili wa gauni la buluu, ambao sasa walikuwa wanane. Walibeba sinia tupu, wakaliweka mbele yangu kwa heshima.

"Kaka," mmoja akasema, "wewe ndiye mkubwa hapa. Tumechoka. Tuambie wewe, basi au bado?"

Yaani kile mtu alichokosea kinaletwa tena mbele yake, kwenye sinia. Niliwatazama vidole vyao. Niliona kucha zilizong'oka. Neno "basi" likanijaa mdomoni, na lilikuwa tamu, lilikuwa na sura ya huruma. Nikisema basi watalala, hawatajikata tena kiuno mbele yangu, sitaona tena mtu akichukuliwa na maji kitabu kimeinuliwa. Na Mize, yule mmoja wa kitandani, atakufa kwa sababu hawajatosha. Nikisema bado, ni mimi tena ninayewaagiza wajigawe ili nipate usingizi. Na je, nani aliwahi kunisikia nikisema basi kwa wakati wake? Glasi ngapi? Miaka mingapi?

"Msiniulize mimi," nilisema. "Nawaomba. Mimi si mgeni. Mimi ndiye niliyeulizwa kipande gani, nikasema kikubwa. Wenzenu wamo tumboni mwangu. Mto huu nimewaletea mimi."

Nikasubiri. Nilitarajia mawe, au msamaha. Sijui kipi ningekipenda.

"Tunajua," wakasema.

"Mnajua?"

"Unanuka sisi," bi kizee akasema. "Tangu mlangoni. Ulidhani nakutazama pua kwa uzuri wake?"

"Kwa nini basi mnaniuliza? Mnawezaje kuniuliza mimi, kati ya watu wote?"

Mize wa gauni la buluu akaona haya kwa niaba yangu. "Tulikuuliza kwa adabu tu, kaka. Mkubwa akiwapo huulizwa. Hatukusema kwamba utakalojibu ndilo litakuwa." Akanionyesha mfereji pembeni mwa njia, maji ya kijani yanatiririka, na ukutani alama iliyochorwa chini kidogo. "Maji machungu yale yanapanda tukiwa wachache. Tukitosha yatashuka mpaka alama. Siku hiyo sote tutalala, na hakuna atakayetuamuru."

Kwa adabu tu. Nilikaa na maneno hayo na yakaniunguza kuliko mawe. Kumbe aliyeulizwa hakupewa mamlaka, alipewa nafasi ya kurudisha. Nami nikala nafasi.

"Haya," bi mfagiaji akanisukuma kwa mpini. "Umeshakiri, tumeshasikia, maji hayajapungua. Shika ndoo."

Nikashika ndoo. Niliteka maji kutoka vichochoroni nikamwaga kule kwenye uwanja mtupu, nikarudi, nikateka. Sidhani ndoo yangu ilisaidia kitu. Mto hauhisi ndoo. Lakini nyuma yangu nilisikia kalamu zikiandika, na miguno, mmoja, halafu mwingine, kutoka mitaa ya juu ulikoingilia mto ikashuka mtaa kwa mtaa hadi mitaa ya chini, na kila mguno ulikuwa mtu zaidi. Mwanzo walibanana bila njia. Kisha wakaja Mize wengine, wapasua njia, vichochoro vipya vikafunguka kati yao, na maji yakapata pa kupita. Yakashuka kutoka magotini. Yakafika kwenye vifundo. Mikono yangu ilichubuka, maana ilikuwa miaka kumi na minane haijanyanyua kitu kisichokuwa cha kunywa.

*

"Kaka. Umekula?"

Nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kiganja bado juu ya bendeji. Dirishani lilikuwa jua lilelile la alasiri, au la siku nyingine. Mize alikuwa amefungua macho. Manjano ilikuwa bado imo, ila imepauka, kama nguo iliyofuliwa mara moja. Ameamka baada ya siku tatu, tumbo lina maji, midomo imepasuka, na swali lake la kwanza ni kama nimekula.

"Mize," nilisema. "Nilichagua kikubwa."

"Najua. Nilikuwapo."

"Nilisikia alivyosema aghalabu. Nilisikia vizuri. Nikakuacha na theluthi."

Mkono wake ukapapasa shati langu, ukapata uzi unaning'inia kwenye kifungo, ukauvuta, lakini hakuwa na nguvu ya kuukata.

"Na mimi nikwambie langu?" akasema. "Nilikuwa nimeshaamua kusema kidogo. Neno lilikuwa hapa." Akagusa mdomo. "Niliogopa kufa, kaka. Nikaona haya kulisema mbele ya daktari. Nikasema muulizeni kaka, nikijua mbele za watu huwa unarudisha. Nikadhani utasema kidogo. Mimi ningebaki mzima na ningebaki mwema."

Niliutazama ule uzi aliokuwa bado ameushika.

"Nilipokusikia unasema kikubwa," akaendelea, "nilikuchukia mpaka dawa ya usingizi iliponishika. Nimeingia kwenye kisu nakuchukia. Sasa sijui. Nimechoka kidogo kukuchukia, lakini haijaisha."

"Isiishe upesi," nilisema.

Muuguzi akaingia, akashtuka kumwona anazungumza, akapiga ukelele, akakimbia kumwita mpasuaji, akarudi na bakuli la uji mwepesi na kijiko kimoja. Akaliweka kwenye meza ndogo katikati yetu. "Vijiko vimekwisha, mtapokezana," akasema, akatoka tena.

Mvuke ulikuwa unapanda. Mize akatoa mkono chini ya shuka, mkono wa manjano wenye sindano ya dripu, na kwa vidole vitatu akalisogeza bakuli upande wangu.

"Kaka, anza wewe."

Njaa yangu, hiyo njaa mpya aliyonipa yeye, ikapiga mayowe. Nikatazama chini, na mkono wangu ulikuwa umeshashika kijiko. Sikuuagiza. Ulikwenda wenyewe, ulivyozoea. Mize aliuona. Hakusema kitu, kama ambavyo hakuwahi kusema.

Nikakiweka kijiko ndani ya bakuli. Nikalisukuma bakuli kwa vidole vitatu mpaka likagusa upande wake wa meza.

"Kula wewe, mdogo wangu."

Halikuwa zito. Lilikwenda kwa pumzi moja tu, na siku ile mbele ya daktari pia, kurudisha kusingechukua zaidi.